NI NANI AJUAYE KILICHO KIZURI?

Hotuba hii ilisomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa ushirika, pamoja na wazazi na vijana. Twaichapa hapa kwa kuwa jambo lililosemwa lawahusu watu wa mashamba na watu wa miji vilevile.



Niliombwa niseme juu ya uteuzi, yaani ile akili ya kupambanua kizuri na kibaya katika mavazi, chakula, vyombo vya nyumba, nyimbo na mwenendo. Nilipoombwa, nilijiuliza: Je, mimi ni nani hata niwafundishe wenzangu uteuzi? Kisha nikakumbuka kosa moja nililolitenda zamani, nikaona kuwa yafaa nianze na kosa hilo, maana mtu hujifunza zaidi katika kosa lake kuliko katika sifa zake.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mmoja wa kamati ya chama kimoja cha ushirika. Tulitaka karani wa ghala, mtu wa kupima mazao ya wakulima na kuandika hesabu zao bila kuwapunja. Wakaja vijana wawili. Wa kwanza alivaa suti iliyomkaa vizuri, na viatu vyake vilikuwa viking'aa. Wa pili alivaa koti kubwa kupita mwili wake, hata kila mtu alijua kuwa ni la kuazima. Tuliwapa hesabu wafanye. Wote wawili walifaulu, na yule mwenye koti la kuazima alimzidi mwenzake kidogo.

Ilipofika saa nne chai ililetwa. Kijana wa kwanza alishika kikombe kwa mkono wa kikombe, akanywa polepole pasipo kutoa sauti. Kijana wa pili aliimimina chai yake katika kisahani, akaipuliza, akakiinua kisahani kwa mikono miwili, akanywa. Sisi wanakamati tukatazamana. Walipotoka nje, hakuna aliyetaja hesabu tena. Mmoja wetu akasema, "Huyu wa pili ni mshamba kabisa." Tukacheka wote, na mimi nikacheka. Tukamwajiri yule wa kwanza.

Sitaki mdhani kuwa yule tuliyemwajiri aliiba au alikuwa mvivu. La, alifanya kazi yake vizuri. Yule mwingine alikwenda zake, na sijui aliishia wapi. Lakini jioni ile nilipita nyumbani kwa baba yangu. Mama akaleta chai. Baba akaimimina katika kisahani, akaipuliza, akanywa. Alikuwa akifanya hivyo tangu siku nilipoanza kuwa na akili. Alikuwa mkulima; chai ilikuwa ya moto, na jua halikumngojea, basi aliipoza upesi apate kurudi shambani. Kwa kazi ile ya shambani nilipelekwa shule, na kwa shule ile nikapata kiti katika kamati. Nikanyamaza. Sikumwambia baba jambo nililolifanya asubuhi ile, na sasa hayupo tena duniani nipate kumwambia.

Hilo ndilo jambo ninalotaka tulitazame leo. Je, tulipomcheka kijana yule, tulikuwa tukipima uzuri na ubaya? Au tulikuwa tukipima tu kwamba baba yake ni nani?

Ndugu zangu, na tuanze na lugha yetu wenyewe. Tukitaka kumsifu mtu kwa mwenendo wa kupendeza, twasema kuwa ni muungwana, au ni mstaarabu. Tukitaka kumcheka mtu aliyevaa rangi zisizopatana, twasema kuwa ni mshamba. Maneno hayo yalitoka wapi? Muungwana, zamani katika miji ya pwani, alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Ustaarabu ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kufuata desturi za Waarabu. Mshamba ni mtu wa shamba. Na katika karne ya 19, mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na mashamba ya nafaka na minazi ya Malindi na Mombasa, yalilimwa kwa jasho la watumwa. Basi maneno hayo matatu hayakuanza kuwa maneno ya uzuri. Yalianza kuwa maneno ya cheo: ni nani aliye huru na ni nani asiye huru; ni nani akaaye mjini na ni nani alimaye. Baadaye habari za cheo zikasahauliwa, zikabaki sifa na dharau.

Wala si sisi peke yetu. Waingereza nao walikuwa na neno la kale la mkulima aliyefungwa katika shamba la bwana wake. Neno hilo liligeuka polepole, likawa jina la mtu mwovu. Kwanza mtu hudharauliwa kwa kazi yake, kisha dharau hiyo huvikwa nguo nyingine na kuitwa hukumu ya tabia.

Na tutazame sasa mavazi ya pwani, maana hapo jambo hili laonekana wazi. Zamani za utumwa nguo ya mtu ilikuwa kama cheti chake. Mtumwa mwanamume, kwa desturi, hakuruhusiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya waungwana. Mtumwa mwanamke alivaa kaniki, ile nguo nyeusi ya bei rahisi, au merikani, nguo ya pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na merikebu za Marekani. Mwanamke wa cheo katika Lamu, alipotoka nje, alitembea ndani ya shiraa, nayo ilikuwa kama hema ya nguo iliyobebwa juu ya vijiti na watumwa wake. Basi aliyetazama njiani, hata bila kumjua mtu, alijua mara moja amsalimu nani kwanza.

Utumwa ulipigwa marufuku katika Unguja na Pemba kwa amri ya mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Je, watu waliopata uhuru walifanya nini kwanza kwa fedha kidogo waliyoipata? Wengi wao walinunua nguo. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Wanawake wakaacha kaniki, wakavaa kanga. Kanga ilikuwa imeanza kuenea katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wanawake waliponunua leso zenye michoro na kuzishona pamoja kuwa nguo moja. Na baadaye wenye viwanda vya Ulaya wakaanza kuzipiga chapa zikiwa nguo kamili kwa ajili ya soko letu. Wanawake wa Unguja walikuwa wateuzi hodari, hata mfanyabiashara aliyeleta mchoro uliopitwa na wakati alikaa nao dukani. Tena, mwanzo wa karne ya 20, buibui likaenea. Mwanamke aliyezaliwa utumwani akaweza kujifunika kama mwanamke wa nyumba kubwa, wala mpita njia asiweze kuwapambanua.

Wako waliosema kuwa huo ulikuwa upuuzi, kwamba watu maskini wapoteza fedha yao kwa mapambo. Mimi sisemi hivyo. Mtu aliyekatazwa kofia tangu utoto wake, siku aivaapo haivai kwa ajili ya jua tu. Aivaa kusema, "Mimi nami ni mtu." Yatupasa kulifahamu hilo kabla hatujamcheka mtu yeyote kwa kupenda nguo.

Tena na tukumbuke habari za Siti binti Saadi. Alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, na wazazi wake walikuwa watu waliowahi kuwa watumwa. Alikuwa akitembeza vyungu vya udongo, akiviuza kwa miguu. Wakati huo taarabu ilikuwa ngoma ya wakubwa. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata mwaka 1888, aliipenda ikipigwa katika jumba lake, na hata alimpeleka mtu Misri kujifunza muziki. Nyimbo zake zilikuwa za Kiarabu. Mtu aliyetaka kuonekana mteuzi alisema kuwa taarabu ya Kiarabu ndiyo nzuri, ingawa pengine hakufahamu neno hata moja.

Siti alihamia mjini, akafundishwa, akaimba taarabu kwa Kiswahili, lugha ya wote. Walikuwako waliomwonea wivu, wakamtungia maneno ya kumdhihaki kwamba alitoka shamba na kaniki zake. Naye akawajibu kwa wimbo, kwamba umbo na nasaba si kitu, akili ndiyo kitu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, nazo zikauzwa kote Afrika ya Mashariki. Alifariki mwaka 1950, na Sheikh Shaaban Robert akaandika kitabu cha maisha yake. Leo hakuna asemaye kuwa taarabu ya Kiswahili ni kitu cha watu duni. Sauti ni ile ile iliyodharauliwa. Kilichobadilika ni masikio ya wakubwa.

Labda mtasema, "Hayo ni mambo ya pwani, na ya watu waliotoka katika utumwa. Watu wa nchi zilizotangulia kwa elimu hawafanyi hivyo." Basi na tuvuke bahari kidogo, tutazame.

Nitaanza na kisahani chenyewe. Katika Uingereza, karne ya 18, watu wengi walimimina chai katika kisahani ili ipoe, na hawakuona aibu. Baadaye wenye vyeo wakaacha, lakini wafanyakazi wakaendelea. Na kwa kuwa wafanyakazi ndio waliobaki nayo, desturi ile ikaitwa ukosefu wa adabu. Basi sisi katika kamati yetu tulidhani kuwa twamhukumu kijana kwa sheria ya uzuri. Kumbe tulikuwa tukifuata ugomvi wa watu wa nchi nyingine, na hata ugomvi wenyewe hatukuujua.

Tazameni na mkate. Kwa karne nyingi katika Ulaya mkate mweupe ulikuwa wa matajiri, kwa maana unga wake ulihitaji kazi nyingi kuchekechwa, na mkate mweusi wenye pumba ulikuwa wa maskini. Mtu mteuzi alipenda mweupe. Mwishoni mwa karne ya 19 zikaenea mashine za kusaga kwa magurudumu ya chuma, unga mweupe ukawa rahisi, na maskini wakala mkate mweupe kila siku. Je, matajiri walisema, "Karibuni, ndugu, sasa tu sawa"? La. Baada ya muda wengi wao waligeuka wakasema kuwa mkate mweupe hauna ladha, mkate wa pumba ndio mkate wa mtu anayejua. Ni kweli kwamba pumba zina faida mwilini. Lakini faida hiyo ilikuwamo tangu zamani, wala haikumfanya mla pumba aheshimiwe hata siku moja.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Thorstein Veblen, mwana wa wakulima waliotoka Norway, aliandika juu ya mambo haya katika kitabu alichokichapa mwaka 1899. Alitoa mfano wa vijiko viwili. Kimoja ni cha fedha, kilichofuliwa kwa mkono, bei yake dola 10 hadi 20. Kingine kimetengenezwa kwa mashine, bei yake senti 10 hadi 20. Kwa kazi ya kulia chakula, hiki cha pili hakishindwi. Lakini watu husema kuwa kile cha kwanza ni kizuri zaidi. Na sehemu kubwa ya uzuri huo, alisema yeye, ni bei yake, nasi twauona kama uzuri wa macho.

Miaka 80 baadaye, mwaka 1979, mtaalamu wa Ufaransa, Pierre Bourdieu, alitoa kitabu kikubwa juu ya jambo hili hili. Yeye naye alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa posta katika kijiji. Katika mwaka 1963, na tena mwaka 1967 hata 1968, watu 1,217 waliulizwa habari za muziki waupendao, chakula, vyombo vya nyumba na picha. Kwa mfano waliulizwa ni kitu gani kiwezacho kutoa picha nzuri. Watu wenye elimu kidogo walipenda kuchagua jua likitua juu ya bahari. Wenye elimu nyingi waliliona jua hilo kuwa kitu cha kawaida mno. Wakawa tayari kusema kuwa hata kabichi, au gome la mti, laweza kutoa picha nzuri. Bwana huyo akaonyesha kuwa uteuzi haushuki kutoka mbinguni. Hufundishwa nyumbani na shuleni, tangu mtoto hajajua kuwa anafundishwa. Kisha mwenye kufundishwa husahau, akadhani kuwa alizaliwa nao. Naye asiyefundishwa huona haya, akadhani kuwa alizaliwa bila akili hiyo.

Basi turudi nyumbani, maana na sisi tunao mkate wetu mweupe. Katika sehemu nyingi za Kenya babu zetu walikula ulezi, mtama na mboga za porini. Mahindi meupe yakaenea katika karne ya 20, na unga mweupe uliokobolewa ukawa alama ya mtu aliyeendelea. Mtoto aliyekuja shule na ugali mweusi wa ulezi alichekwa. Mnavu, kunde na mchicha vilikuwa mboga za mtu aliyekosa nyama. Na leo? Nendeni katika maduka makubwa ya Nairobi muone. Unga wa ulezi una bei kupita unga wa mahindi. Mnavu huandaliwa katika hoteli za wenye fedha, na kuku wa kienyeji huuzwa ghali kuliko kuku wa kufugwa kwa mashine. Bibi aliyekuwa akificha chungu chake cha mboga mgeni anapobisha hodi, leo mjukuu wake ailipia mboga ile ile fedha nyingi, na kuisifu.

Na kiondo ni hivyo hivyo. Wanawake wa Ukambani na Ukikuyu walikisuka kwa nyuzi za magome na za mkonge, wakakibeba kwa ukanda juu ya paji la uso. Msichana aliyetoka shule hakutaka kuonekana nacho mjini; alitaka mkoba wa dukani. Kisha wageni wakakipenda, vikapelekwa Ulaya na Marekani kwa wingi, vikatiwa mikanda ya ngozi. Ndipo mabibi wa mjini wakakitundika begani. Mikono iliyokisuka ilikuwa na ufundi ule ule siku zote mbili. Sisi tulingoja mtu wa mbali atuambie kuwa ni kizuri.

Ndugu zangu, mwaona sasa jinsi jambo hili liendavyo. Wenye cheo hujenga ua na kusema, "Ndani ya ua huu kuna uzuri." Walio nje hujitahidi kwa jasho kuingia. Wakisha kuingia, ua huhamishwa. Jana ilikuwa viatu, leo ni namna ya viatu. Jana ilikuwa kuwa na simu, leo ni simu ya mwaka huu. Wazee walisema kweli, mteuzi haishi tamaa. Na mtu akimbiaye nyuma ya ua unaohama hafiki.

Nasema hivi kwa sababu naona watu wakiumia. Tangu zamani mashindano haya yamekula mali. Katika Mombasa vyama vya lelemama vilishindana kwa mavazi na karamu, na wengine walitumia fedha kupita uwezo wao ili wasishindwe na jirani. Leo namwona kijana mwenye mshahara mdogo akikopa fedha nyingi kwa arusi ya siku moja, kwa kuwa arusi bila hema kubwa na keki ya ghorofa yaitwa ushamba. Namwona baba akiuza shamba la urithi ili anunue viti ambavyo hakai juu yake ila wageni wakija. Baada ya arusi, deni hubaki nyumbani kama mgeni asiyeaga. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Je, basi uteuzi ni uongo mtupu, na kila kitu ni sawa na kila kitu? La, sikusema hivyo. Uzuri uko. Mlango wa nakshi wa Lamu ni mzuri, na aliyewahi kushika patasi ajua ni mzuri kwa nini. Kofia iliyoshonwa kwa mkono, tundu moja moja, kwa miezi mingi, si sawa na kofia iliyopigwa chapa kwa dakika moja. Lakini tazameni: ajuaye sana uzuri wa vitu hivyo ni seremala na mshonaji, nao mara nyingi si watu wa cheo. Kujua kazi ni uteuzi wa kweli. Kujua bei tu ni kujua hesabu za duka.

Wala sisemi kuwa tuwaache watoto wetu bila kuwafundisha desturi za mjini na za meza. Dunia yawahukumu kwa desturi hizo, nao watapata hasara wasipozijua. Tuwafundishe, kama tuwafundishavyo lugha ya kigeni. Mtoto hujifunza lugha ya kigeni ili azungumze na watu wengi zaidi. Hajifunzi ili amcheke mama yake kwa kutoijua. Mwalimu amwambie mwanafunzi, "Huko utakakokwenda hufanya hivi." Asimwambie, "Kwenu hufanya vibaya."

Basi naomba tutumie mizani mitatu kila tutakapo kupima kitu, au kumpima mtu kwa kitu chake. Kwanza, usafi. Kanga kuukuu iliyofuliwa na kukunjwa vema yazidi suti yenye jasho la juzi. Usafi hauhitaji cheo, ila maji, sabuni na bidii. Pili, kufaa. Kitu kifanye kazi iliyokusudiwa: kiti kimkalishe mtu, chakula kimshibishe na kumpa afya, viatu viende njia tunazopita. Tatu, uwezo. Kitu kizuri ni kile unachoweza kukilipia na bado ukalala usingizi, na karo ya watoto ikabaki. Kitu kikipita katika mizani hii mitatu, basi kila mtu na achague rangi aipendayo, na jirani anyamaze.

Nanyi mabwana na mabibi mlio katika kamati, ninyi waalimu, ninyi waajiri, nawaomba jambo la nne. Mkikaa kumchagua mtu, mjiulize: Je, ninachokitazama chahusu kazi hii? Mpima mazao apimwe kwa mizani na hesabu. Mwalimu apimwe kwa watoto aliowafundisha. Namna ya kunywa chai haimwongezei mkulima kilo wala haimpunguzii. Tukimnyima mtu kazi kwa sababu ya kisahani, tumemnyima kwa sababu ya umaskini wa baba yake, hata kama midomo yetu yasema neno jingine.

Nami nimemaliza. Wazee wetu, ingawa waliishi katika nchi iliyogawanya watu kuwa huru na watumwa, walituachia methali iliyovunja mgawanyo huo: Muungwana ni kitendo. Hawakusema kuwa muungwana ni kofia, wala nyumba ya mawe, wala kikombe.

Kama ningepata kukaa tena katika kamati ile, ningeomba hesabu zisomwe kwanza, kazi itolewe kwa aliyeshinda, ndipo chai iletwe. Na mimi mwenyewe, ikiwa ya moto, ningeimimina katika kisahani.